Je, Wajua? Wakubwa Wanapohesabiana Dhambi

Ukishuka Buxton, pale matatu za Kisauni na Bamburi zinapokaza mwendo kulivamia daraja la Nyali, hakuna kitakachokuambia kwamba umesimama juu ya jina lililopata sifa katika bunge la London. Mombasa imezoea wageni wenye nguvu. Karibu kila aliyekuja alikuja na orodha ndefu ya maovu ya mpinzani wake, ya kwake kaiacha nyumbani. Nimeokota vipande vya hadithi hiyo, vya zamani na vya juzijuzi, na vingine vilinifanya nicheke peke yangu.

Buxton alipata kukaa kwenye noti

Sir Thomas Fowell Buxton ndiye aliyeipokea kazi ya kupinga utumwa bungeni baada ya William Wilberforce kuzeeka, na akaivuta mpaka sheria ikapita mwaka 1833. Ukibahatika kuiona noti ya zamani ya pauni 5 ya Uingereza, ile yenye sura ya Elizabeth Fry iliyotolewa kuanzia 2002, tazama kikundi cha watu kilicho nyuma yake. Yule bwana mrefu mwenye miwani ndiye Buxton. Jina la ukoo huo lililetwa Mombasa na wamisheni wa CMS (Church Missionary Society), likapewa shule, na mtaa ukalirithi.

Mjukuu wake, aliyeitwa jina lilelile, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ile iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 na kuanza kuitawala pwani yetu. Vizazi viwili tu, na ukoo ukatoka kwenye kuwafungulia watu minyororo hadi kwenye kuwakatia ramani.

Fidia ililipwa, ila si kwa watumwa

Sheria ya 1833 ilitenga pauni milioni 20, takriban asilimia 40 ya bajeti ya serikali ya Uingereza kwa mwaka. Zote zikaenda kwa mabwana waliokuwa wakimiliki watu. Waliomilikiwa hawakuona hata senti, na wengi wao wakalazimishwa kuendelea kufanya kazi kwa mabwana walewale, kwa jina la mafunzo, hadi 1838.

Sasa shika kiti: mkopo uliotafutwa kwa ajili ya fidia hiyo haukumalizika kulipwa mpaka mwaka 2015. Kwa hiyo dereva wa basi wa London mwenye asili ya Jamaica, aliyekatwa kodi mwaka 2014, alikuwa bado anachangia kulipa deni lililokopwa kuwafariji waliomnunua babu wa babu yake.

Hapa kwetu hesabu ilikwenda vilevile. Mwanzoni mwa Januari 1889, George Mackenzie wa ile kampuni ya akina Buxton aliwakomboa zaidi ya watu 1,400 waliokuwa wametoroka utumwani na kujificha Rabai na vituo vingine vya misheni. Bei ilikuwa riale 25 kwa kichwa, na fedha zikaingia mifukoni mwa waliotorokwa.

Hospitali ya Port Reitz ina jina la kijana aliyekufa kwa homa

Mwaka 1824 Nahodha William Owen wa jeshi la majini la Uingereza alitia nanga Mombasa. Akawakuta Mazrui, ukoo uliotawala mji, wametishwa na Sayyid Said wa Oman na wanataka mlinzi. Owen akawaambia atawakinga, kwa sharti moja: biashara ya watumwa ikome. Wakakubali, bendera ya Uingereza ikapepea juu ya Ngome ya Yesu (Fort Jesus), naye akamwacha Luteni John James Reitz awe msimamizi. Miezi michache tu baadaye Reitz akafa kwa homa. Jina lake limebaki kwenye ule mkono wa bahari ulio magharibi ya kisiwa, na likatua kwenye hospitali.

Utamu uko hapa. London ilipopata habari haikufurahi hata kidogo. Sayyid Said alikuwa rafiki yao, tena mwaka 1822 alikuwa amekwisha tia saini mkataba wa kuipunguza biashara hiyohiyo. Basi Waingereza walikuwa na marafiki wawili mahasimu, kila mmoja akiahidi kujitakasa ili aungwe mkono dhidi ya mwenzake. Mwaka 1826 bendera ikashushwa. Mazrui wakaachwa na ahadi yao na maadui zao.

Kengele moja, mabwana wawili tofauti ndani ya mtu mmoja

Vuka daraja kutoka Buxton, dakika chache tu uko Kengeleni. Ile kengele ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na CMS miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kilipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyekwenda Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge soko la watumwa. Barghash alikataa. Alitia saini mwezi Juni, pale balozi John Kirk alipomtisha kuwa kisiwa kitazingirwa na manowari.

Na Frere huyuhuyu, akiwa mwakilishi wa Malkia huko Afrika Kusini, mwezi Desemba 1878 ndiye aliyetoa masharti ambayo mfalme wa Wazulu asingeweza kuyakubali. Vita vikaanza mwezi uliofuata. Mtu mmoja, kifua kimoja, miaka mitano na nusu.

Miaka 74 kutoka London hadi Mombasa

Uingereza iliifanya pwani hii himaya yake mwaka 1895. Ungedhani wajukuu wa Buxton wangefuta utumwa siku hiyohiyo. Unguja ilisubiri hadi 1897, na pwani ya Kenya hadi 1907, kwa sababu watawala walihofia mashamba yakose wa kuyalima na mabwana waudhike. Wakati huohuo, Ngome ya Yesu waliigeuza gereza, ikabaki gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Watalii wanaopiga picha leo mbele ya lile lango wamesimama palipopitishwa wafungwa kwa miaka 63.

Vitabu viwili, kimoja cha buluu na kimoja cheupe

Mwaka 1918, vita vikiwa ukingoni, serikali ya Uingereza ilichapisha kitabu kinene chenye jalada la buluu kuhusu ukatili wa Wajerumani dhidi ya Waherero na Wanama huko Namibia. Kilikuwa na ushuhuda wa watu walioapa, na picha. Ujumbe ulieleweka: watu hawa hawastahili kurudishiwa makoloni. Wajerumani hawakukaa kimya. Mwaka 1919 wakajibu kwa kitabu cheupe kilichoorodhesha maovu ya Waingereza katika himaya yao.

Kila upande ulikuwa umesema kweli nyingi kuhusu mwenzake, na hilo ndilo linaloniacha mdomo wazi. Kisha, kufikia 1926, walowezi wa Kijerumani na Wazungu wenzao huko Namibia wakitaka kuishi kwa amani, ikaamuliwa kitabu cha buluu kiondolewe na nakala ziharibiwe. Ushahidi wa Waherero ulikuwa na thamani muda ule tu ulipokuwa na kazi ya kufanya.

Na huku kwetu? Wakati kitabu cha buluu kikiandikwa, wapagazi wa Kiafrika waliochukuliwa na Waingereza kutoka Kenya kubeba mizigo ya vita dhidi ya Wajerumani walikuwa wakifa kwa kuhara na malaria. Zaidi ya 40,000 hawakurudi. Hakuna aliyewachapishia kitabu cha rangi yoyote.

Rasimu ya haki za Wakenya iliandikwa na mtu aliyenyimwa zake

Mapema mwaka 1960, Tom Mboya na wajumbe wenzake walipokwenda Lancaster House, London, kuzungumzia katiba, mshauri wao wa sheria alikuwa Mmarekani mweusi, Thurgood Marshall. Ndiye aliyekuwa ameshinda kesi ya 1954 iliyotangaza kwamba kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba ya Marekani. Aliandika rasimu ya sura ya haki kwa ajili ya Kenya, akihangaika hasa na ulinzi wa walio wachache, yaani Wazungu na Wahindi. Siku zilezile, huko Marekani, jimbo la North Carolina, wanafunzi weusi walikuwa wameketi kwenye kaunta ya mgahawa wa Greensboro wakikataa kuondoka mpaka wahudumiwe. Mwaka 1967 Marshall akawa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya nchi yake.

Katika ile kesi ya 1954, serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa imewaandikia majaji kwamba ubaguzi unawapa Wakomunisti hoja tamu za kuichafua nchi duniani. Ugomvi na Moscow ulifanya kazi ambayo dhamiri peke yake ilikuwa imeshindwa kwa miongo mingi. Sijui kama tucheke au tulie, lakini watoto walipata shule.

Kahawa iliyokataliwa Maryland, na ndege kutoka Baku

Mwaka 1961 balozi wa Chad, akiwa njiani kutoka New York kwenda Washington kukabidhi hati zake kwa Rais Kennedy, alisimama kwenye mgahawa wa Maryland, barabara namba 40, akaomba kahawa. Akafukuzwa kwa rangi yake. Mabalozi wengine wa Kiafrika walikuwa wakipata aibu hiyohiyo kwenye barabara hiyohiyo, na redio ya Moscow haikuhitaji kutunga chochote. Miaka miwili baadaye Maryland ilipitisha sheria ya kufungua migahawa yake.

Usiwahi kuwapigia Wasovieti makofi. Chuo chao cha urafiki, kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960 na baadaye kupewa jina la Patrice Lumumba, kilijazwa vijana kutoka kwetu, kushindana na zile ndege za Mboya zilizoanza kuwapeleka wanafunzi Marekani mwaka 1959. Desemba 1963 wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi Red Square baada ya mwenzao wa Ghana kukutwa amekufa. Mwaka 1965, wanafunzi 29 wa Kenya waliokuwa Baku walifunga virago wakarudi nyumbani, wakilalamikia ubaguzi wa rangi. Mbingu mbili zilikuwa zikinadiwa, na vijana wetu walizionja zote mbili.

Mmarekani na Mchina waliketi meza moja mwaka 1948

Kabla ya hayo ya Mboya na Moscow, Eleanor Roosevelt wa Marekani alikuwa mwenyekiti wa tume iliyoandika Tangazo la Kimataifa la Haki za Binadamu. Makamu wake alikuwa Mchina, P. C. Chang, msomi aliyesisitiza kwamba tangazo lisiegemee dini wala falsafa ya upande mmoja wa dunia. Usiku wa tarehe 10 Desemba 1948, mjini Paris, nchi 48 zilikubali, hakuna iliyopinga, na 8 zikajizuia, zikiwamo Umoja wa Kisovieti, Saudi Arabia na Afrika Kusini. Serikali iliyomtuma Chang ilifukuzwa bara mwaka uliofuata ikahamia Taiwan. Kenya, Uganda na Tanganyika hazikuulizwa. Zilikuwa chini ya mtu mwingine, na mtu huyo alipiga kura ya ndiyo.

Kila mmoja aliridhia nusu, tena nusu tofauti

Hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Tangazo lile lilizaa mikataba miwili: mmoja wa haki za kiraia na kisiasa, yaani kusema, kupiga kura, kutoteswa, wa pili wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, yaani kazi, afya, makazi, elimu. Marekani iliridhia wa kwanza mwaka 1992, na wa pili iliutia saini tu mwaka 1977 ikauweka kabatini. China iliridhia wa pili mwaka 2001, na wa kwanza iliutia saini tu mwaka 1998, nao uko kabatini mpaka leo.

Ukiweka saini hizo mbili zilizolala mezani utagundua tarehe zake zinafanana: 5 Oktoba kwa Marekani, 5 Oktoba kwa China, zimepishana miaka 21. Kenya iliridhia yote miwili mwaka 1972, kabla ya hata moja ya nchi hizo kuridhia wowote. Kuridhia na kutekeleza ni vitu viwili, wapangaji wa nyumba zile za zamani za Buxton zilizobomolewa wanaweza kukueleza vizuri kuliko mimi.

Nyimbo na majibu yake

Tangu mwaka 1977 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa ripoti za kila mwaka kuhusu haki za binadamu katika nchi nyingine. Nchi isiyokuwamo ni moja: Marekani. Mwaka 2000 China ikachoka, ikaanza kutoa ripoti yake kuhusu haki za binadamu nchini Marekani peke yake: bunduki, magereza, ubaguzi wa polisi, mara nyingi kwa kunukuu magazeti ya Marekani yenyewe.

Bibi zetu wa Mombasa wangeujua mchezo huu mara moja. Vyama vya lelemama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana hivihivi, huyu akitoa wimbo, yule ana jibu kabla ngoma haijapoa. Tofauti ni kwamba kwenye lelemama kila mtu alijua ni mashindano. Nikisoma ripoti hizi mbili sambamba, huwa naona kila moja ni hodari sana kwa habari za nyumba ya pili. Nyani haoni kundule, lakini la mwenzake analieleza kwa tanbihi na takwimu.

Waliocheza ukumbini mwa Umoja wa Mataifa

Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1971, kura 76 dhidi ya 35 ziliirudishia Beijing kiti cha China. Kenya, Uganda na Tanzania zote zilikubali. Wajumbe wa Tanzania walionekana wakishangilia na kucheza, na balozi wao, Mzanzibari Salim Ahmed Salim, alikuwa na umri wa miaka 29 tu. Wamarekani walilitia moyoni.

Miaka 10 baadaye Salim aligombea ukatibu mkuu. Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu, duru baada ya duru. China nayo ikamzuia Kurt Waldheim, katibu mkuu aliyekuwa madarakani, mara 16, ikimtaka mtu wa Dunia ya Tatu. Wote wawili wakakaa kando, akapita Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Huenda hakuna Mswahili mwingine aliyewahi kusababisha mataifa makubwa mawili kuchoka kunyoosha mikono.

Manowari zilitangulia reli

Mwaka 1980, Wasovieti wakiwa wameingia Afghanistan, Kenya iliikubalia Marekani kutumia bandari ya Mombasa na viwanja vya ndege. Oman, jirani yetu wa kale, ilikubali mwaka huohuo. Mei 2017 ikawa zamu ya China: reli ya SGR ikazinduliwa kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita 480 hivi, sehemu kubwa kwa mkopo wa Exim Bank ya China.

Mikataba ya mkopo huo ilifichwa kwa miaka. Wanaharakati wawili wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa wakishika kifungu cha 35 cha katiba, haki ya kupata habari, na Mei 2022 mahakama ikaamuru nyaraka zitolewe. Novemba mwaka huo serikali ikafichua sehemu yake, na Wakenya wakasoma kwamba mkopo unatawaliwa na sheria za China, na mgogoro wowote utasuluhishwa Beijing. Haki ya binadamu inayotajwa kwa nadra sana kwenye ripoti za wakubwa ni hii: haki ya kujua unadaiwa nini.

Mkenya pekee wa Guantánamo alikamatwa Mombasa

Zaidi ya watu 750 wamepita katika gereza la Guantánamo tangu lilipofunguliwa Januari 2002. Mkenya alikuwa mmoja tu. Alikamatwa hapa Mombasa mwaka 2007, akakabidhiwa kwa Wamarekani bila kupelekwa mbele ya hakimu wa Kenya, na akarudishwa nyumbani Desemba 2024. Kiasi cha miaka 17 na miezi kadhaa, na katika muda wote huo hakuwahi kufikishwa mahakamani kushtakiwa. Ripoti za Beijing huitaja Guantánamo mara kwa mara. Ripoti za Washington huzitaja kambi za Xinjiang nchini China, ambako Waislamu wa Uighur wamefungiwa kwa wingi bila kesi. Hapo hakuna anayesingizia.

Kura ya Somalia

Tarehe 6 Oktoba 2022, Baraza la Haki za Binadamu mjini Geneva lilipiga kura kuamua iwapo lijadili tu, si kulaani, hali ya Xinjiang. Waliotaka mjadala walikuwa 17, waliokataa 19, waliojizuia 11. Nchi nyingi za Kiislamu zilizokuwamo zilikataa au kujizuia. Kutoka Afrika nzima iliyosema ndiyo ilikuwa moja, nayo ni jirani yetu Somalia.

Marekani, iliyoongoza hoja hiyo pamoja na marafiki zake, ilikuwa imewahi kulihama baraza hilo mwaka 2018, ikarudi, na ikatangaza kujitoa tena Februari 2025. Kenya haikuwa mjumbe siku ile. Imechaguliwa kwa kipindi cha 2025 hadi 2027, imeketi humo pamoja na China, na kura za baraza huandikwa kwa jina la nchi, kila mtu akazisome.